Aliyeitwa Kapteni

Meja Wasfi Kilada alikuwa na saa tatu tu, wala si zaidi. Saa sita adhuhuri faili lingepanda ghorofani kwa mwendesha mashitaka, naye wa zamu ya Jumanne hakuwa mtu wa kupoteza wino: angesoma karatasi nne, angetia sahihi, na Gaballa Mursi angekwenda rumande. Saa saba mchana huohuo, ng'ambo ya reli ya tramu, mashine ya kusafisha damu ingekuwa inamngoja Gaballa huyohuyo. Asipotokea, kitanda chake kingepewa mwingine, maana wenye figo mbovu Aleksandria ni wengi na vitanda ni vya kuhesabu. Rumande kuna daktari, ndiyo, na daktari ana orodha, na watu huifia orodha ile kabla majina yao hayajafikiwa.

Wasfi alizitandaza karatasi nne kando ya sahani ya maharage ambayo hakuwa ameigusa.

Ya kwanza ilimhusu Yusri Abdulgawad, fundi magari wa miaka ishirini na minne. Jana Jumatatu, saa nne asubuhi, alitoka chumba cha kubadilishia nguo cha jimu ya Majitu, akapiga hatua chache, akaanguka akikohoa, midomo imegeuka buluu. Ndani ya gari la wagonjwa alisema, "Kapteni ndiye aliyenidunga," kisha akazimia. Ya pili ilikuwa taarifa ya upekuzi: kabati la chuma lenye maandishi KAPTENI mlangoni, limefunguliwa kwa ufunguo, ndani mna sanduku lenye chupa ndogo kumi na moja za mafuta ya kudunga misuli, zisizo na jina la kiwanda. Ya tatu, malalamiko ya mama mzazi, yenye alama ya dole gumba. Ya nne, maelezo ya Gaballa mwenyewe, ndiyo iliyokata mzizi wa fitina. Swali: Wewe ndiye Kapteni wa jimu ya Majitu? Jibu: Ndiyo, ni mimi.

Faili lilikuwa safi mno, na aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Faili la mwisho lililomjia Wasfi likiwa safi namna ile lilimfunga mtu asiye na hatia miezi saba.

"Afande, mimi sina la kuongeza," alisema Sajenti Shehata, aliyeziandika karatasi zote nne. "Ningekuwa na la kupunguza, ningepunguza."

"Unamjua huyu mtu?"

"Nani asiyemjua Kapteni Gaballa? Mtoto wa mchukuzi wa marobota ya pamba! Vyuma vyake vya kwanza alivitengeneza kwa makopo ya samli. Aliyajaza saruji, akachomeka bomba katikati. Kwa makopo hayo akawa bingwa wa Misri, akawa bingwa wa Afrika, akawa wa tatu duniani. Siku aliyorudi, dereva wa tramu alisimamisha tramu akashuka kumkumbatia, na abiria hakuna aliyelalamika. Mimi nilikuwa jeshini. Picha yake niliibandika juu ya kitanda changu." Shehata alishusha sauti. "Jana, afande, nilimpita mlangoni. Nilidhani ni mlinzi wa viatu. Niliporudi nikauliza, 'Kapteni Gaballa yuko wapi?' Ndipo kakijana, hapana, kazee kembamba kakainuka kitini, kakasimama wima kama askari. 'Ni mimi,' kakasema."

"Mlete."

Gaballa Mursi aliletwa na koti lake. Ni haki kusema hivyo, kwa sababu koti lilikuwa la mtu mwingine kabisa, mtu wa mabega mapana ambaye Gaballa alikuwa hapo zamani. Pingu ilikuwa imefungwa mkono wa kulia tu, ncha ya pili kwenye mkanda wa askari. Mkono wa kushoto, chini ya shati lililokunjwa, mshipa ulioungwa na madaktari ulikuwa umevimba mnene na kujipinda, ukitetemeka kwa damu iendayo kasi.

"Asante kwa kunifunga huku kwa kulia," alimwambia Wasfi. "Huu wa kushoto ndio wa mashine. Huyu kijana wako aliniuliza kwanza, Mungu ambariki."

Wasfi ameifanya kazi hii miaka ishirini na sita. Ametukanwa, ametemewa mate, amelaaniwa yeye na vizazi vyake. Kushukuriwa kwa ajili ya pingu kulikuwa kitu kigeni, na kulimkera.

"Kaa. Chai?"

"Nusu glasi, afande. Maji yangu yanapimwa. Asante."

"Jana saa nne ulikuwa wapi?"

"Mahali pangu, mlangoni. Napokea kadi, nagawa taulo."

"Nani aliingia chumba cha kubadilishia nguo na Yusri?"

"Walioingia ni wengi. Sikuona sindano."

"Umewahi kumdunga mtu?"

Gaballa aliweka glasi chini. "Nimejidunga mwenyewe miaka kumi na miwili. Na zamani niliwadunga wenzangu wawili. Mmoja alifariki. Namwombea kila alfajiri."

Shehata alikohoa, kama mtu anayetaka kuyarudisha maneno ya mwenzake mdomoni. Wasfi aliandika.

"Sindano ilinipa kifua, ikanichukulia figo," Gaballa aliendelea. "Ilinipa na hasira pia. Sahani za mke wangu nilizivunja zote, hata za harusi. Akamchukua binti yetu, akaenda kwao Damanhur. Alifanya vizuri. Ningekuwa yeye, ningenikimbia mapema zaidi."

"Zile chupa ni zako?"

"Hapana."

"Na kabati?"

"Lilikuwa langu."

"Lilikuwa? Sasa ni la nani?"

Gaballa aliitazama chai yake. "Jimu yote ilikuwa yangu. Midhat aliinunua nikiwa nimelazwa. Angeweza kunifukuza, akaniachia kiti mlangoni. Mkate wake nimeula miaka sita, afande. Siwezi kumtaja mtu kwa jambo ambalo sikuliona kwa macho."

"Sikukuuliza habari za Midhat. Nimeuliza kabati."

"Ni la jimu," alisema Gaballa.

Wasfi aliacha kuandika. Hapo palikuwa na mlango, na Gaballa mwenyewe alikuwa ameuegemea kwa mgongo ili usifunguke. Wasfi alinyoosha mkono. "Sajenti, orodha ya vitu alivyokutwa navyo."

Shehata alisoma: kitambulisho, kadi ya kliniki ya figo, tasbihi, leso, tiketi ya tramu, mayai mawili ya kuchemsha.

"Mayai?"

"Kliniki wanatugawia," alisema Gaballa. "Yangu huwa namwekea kijana mmoja."

"Na ufunguo wa kabati uko wapi kwenye orodha?"

Shehata aliipitia karatasi kwa kidole, akaigeuza nyuma, akairudisha mbele. "Haumo, afande."

"Ulifungua na nini basi? Meno?"

"Mwenye jimu alinipa. Alisema ni wa akiba."

Wasfi alivaa kofia yake. Maharage yalibaki mezani, yamepoa.

Hospitalini daktari alimwambia habari njema akiwa anatembea, kama wanavyofanya madaktari: mafuta yaliingia kwenye mshipa badala ya nyama, yakapanda mapafuni, lakini kijana anapumua vizuri zaidi kuliko jana na ataishi. Kuzungumza bado. Labda kesho.

Kesho haikuwa na faida kwa Gaballa. Wasfi aligeukia benchi la ukumbini, alikokuwa amekaa Mama Yusri, mwanamke mwenye mwili, na kapu lake la nguo safi miguuni.

"Mmemfunga?" aliuliza kabla Wasfi hajasalimia. "Mungu amvunje mifupa huyo Kapteni, mmoja baada ya mwingine, kwa utaratibu, asiruke hata mmoja!"

"Amina, akiwa ndiye. Unamfahamu, mama?"

"Nimfahamie wapi? Mimi na majimu wapi na wapi! Namsikia tu kwa mwanangu. Kapteni kasema nile hivi, Kapteni kasema nilipe hivi, Kapteni kasema mpaka siku ya harusi nitakuwa na kifua cha jogoo. Jogoo! Si unamwona alivyolala? Na kama si yule ami yake, angeshadungwa tangu mwezi wa Ramadhani."

Wasfi aliketi kwenye benchi. "Ami gani?"

"Yule wa mlangoni. Huyo Mungu achukue kwenye umri wangu amwongezee. Anamletea mwanangu mayai, anamwambia kula, lala, ngoja, mwili ni unga, ukiuharakisha hauumuki. Siku moja alimkunjulia shati akamwambia weka kiganja hapa usikie. Mwanangu alirudi amenywea. 'Mama,' akaniambia, 'mkono wa ami unanguruma kama mashine ya kusaga.' Wiki nzima hakutaja sindano."

"Jina lake nani huyo ami?"

"Ami tu. Jina la nini?"

"Jana ulitia dole gumba kwenye karatasi. Walipokusomea, walisema umemshitaki nani?"

"Kapteni Gaballa nani sijui."

"Gaballa Mursi," alisema Wasfi. "Mkono wake wa kushoto ndio huo unaonguruma. Nimeuona leo."

Mama Yusri alikamata kapu lake kwa mikono miwili.

"Usinichezee, afande. Mimi tangu jana nimemlaani nani, basi?"

"Hilo ndilo ninaloenda kuuliza."

"Basi kimbia!" alifoka. "Umekaa hapa unafanya nini? Kimbia, na uniambie nitie wapi dole gumba lingine!"

Saa nne na nusu Wasfi na Shehata walisimama kwenye kizingiti cha jimu ya Majitu. Kiti cha mlangoni kilikuwa kitupu, na taulo zilikuwa zimerundikana chini. Ndani vyuma viligongana na redio ilikuwa ikipiga kelele. Wasfi alijaza mapafu hewa.

"Kapteni!"

Watu kumi na mmoja waligeuza shingo kwa pamoja. Mmoja aliangusha chuma karibu na kidole cha mwenzake.

Mwanamke aliyekuwa akipiga deki alicheka mpaka akaegemea mti wa deki. Aliitwa Bi Sukkara, na alikuwa amesafisha ukumbi huo tangu enzi za makopo ya samli. "Umemwita nani, afande? Hapa hata mwenye kitambi akilipa mwezi mmoja anaitwa kapteni."

"Namtaka Kapteni mwenyewe."

"Si useme hivyo! Yuko ofisini, anajitazama kwenye kioo."

Shehata alimtazama Wasfi. Wasfi hakumtazama Shehata.

"Na Gaballa je?"

"Ami Gaballa? Si mlimchukua nyie jana, mkamtoa kama kuku wa sokoni? Watu hamna haya."

"Haitwi Kapteni?"

Bi Sukkara aliacha kucheka. "Zamani. Watu huita wanachokiona, afande. Alikuwa Kapteni, basi, inatosha. Alipoanza kupungua akawa Kapteni Gaballa. Akapungua tena, akawa Gaballa. Mwisho vijana wakaona aibu, wakampa uami. Sasa ni miaka sita. Wengine hapa hawajui hata kama aliwahi kugusa chuma."

Wasfi alijisikia shingo ikipata moto. Kituo kizima, kuanzia yeye hadi mpishi wa chai, walikuwa watu wa umri wa kumbukumbu. Wao wakisikia Kapteni wa Majitu waliona bango la zamani kwenye duka la kinyozi, mtu mmoja tu, hawakuhitaji kuuliza. Yusri alikuwa na miezi minane hapa. Angelijulia wapi jina ambalo Gaballa alishavuliwa?

"Na lile kabati lenye maandishi?"

"La Kapteni. Mimi naruhusiwa kufuta nje tu. Ufunguo anatembea nao shingoni na mkufu wa dhahabu, utadhani ndani mna mahari. Vitu vya ami hivi hapa." Aliinama, akavuta mfuko wa plastiki chini ya meza ya mlangoni. Kandambili, karatasi za kliniki, taulo lililochujuka.

Mlango wa ofisi ulifunguka. Midhat alitoka akiwa na tabasamu na fulana ya mtu mdogo. Alikuwa baunsa wa miaka thelathini na mitano, mzima, anang'aa mafuta.

"Karibuni, afande! Habari za Kapteni wetu maskini? Tumeumia sana. Mtu niliyemwonea huruma!"

"Nyinyi hapa mnamwitaje Gaballa?" aliuliza Wasfi.

"Kapteni. Sote. Heshima yake haijashuka hata kidogo."

"Yusri naye?"

"Kapteni vilevile. Hatumwiti jina jing..."

"Kapteni!" aliita mtu kutoka benchi la mwisho. "Niongezee kilo kumi huku!"

"Nakuja!" alijibu Midhat, na shingo yake ilikuwa imeshageuka kabla akili haijaifikia. Alipoirudisha, Bi Sukkara alikuwa ameanza kupiga deki upya, polepole, akijichekea.

"Ule ufunguo wa akiba uliompa sajenti jana," alisema Wasfi, "naomba niuone."

"Nimeurudisha."

"Wapi?"

Mkono wa Midhat ulipanda shingoni. Njia ya mwongo ni fupi, na ya huyu iliishia kwenye mkufu.

Walifungua kabati mbele ya watu wote kumi na mmoja. Jana Shehata alipoona sanduku hakutazama zaidi, kwa kuwa alikuwa ameshapata alichotumwa, na tena moyo ulikuwa unamuuma. Leo alitazama. Nyuma ya mkanda wa kunyanyulia vyuma palikuwa na bima ya gari la Midhat, manukato, na fulana tatu za saizi ambayo Gaballa hajaivaa tangu alazwe.

"Sajenti, lile sanduku lina vyumba vingapi vya chupa?"

Shehata alifumba macho akumbuke. "Ishirini, afande."

"Mkakuta kumi na moja. Midhat, nyingine tisa ziko wapi?"

Midhat aliomba wakili. Mtu mmoja aliizima redio. Shehata alimfunga pingu mikono yote miwili. Hakuna aliyeshukuru.

Saa sita kasoro robo Wasfi aliingia chumba cha mahojiano akihema, Shehata nyuma yake.

"Mzee wangu, nina robo saa. Ushahidi ninao, lakini kuna karatasi inayonipiga teke kutoka ndani, nayo ni yako. Uliulizwa, 'Wewe ndiye Kapteni?' Ukajibu ndiyo. Mwendesha mashitaka atasoma hiyo na kuacha nyingine. Kwa nini ulisema ndiyo?"

Gaballa aliinamisha kichwa. Masikio yake yalikuwa mekundu, kama ya mwanafunzi aliyeshikwa anaiba.

"Nitakuambia, lakini usinicheke. Huyu sajenti alisimama pale mlangoni akasema, 'Kapteni Gaballa yuko wapi?' Miaka sita, afande. Miaka sita sijalisikia. Nilijikuta nimesimama. Sikujali ananitakia nini. Hata njiani kuja huku, ndani ya gari lenu, nilikuwa na furaha. Alinisimulia picha aliyoibandika jeshini. Sikutaka kumwambia amechelewa."

Shehata aliukabili ukuta, akachelewa kugeuka.

"Sasa lazima uifute," alisema Wasfi. "Kwa mdomo wako, mbele ya mwendesha mashitaka."

"Nikiifuta nitakuwa nimemtaja Midhat."

"Ndiyo."

"Alinipa kiti."

"Alikupa kiti kwenye jimu yako mwenyewe, akakuwekea jina lako mlangoni pa dhambi zake. Wewe mshukuru kiti ukitaka, mimi sina neno. Lakini sanduku ni la chupa ishirini, na zimebaki kumi na moja. Moja ilimpata Yusri. Nane zimo mifukoni mwa vijana wengine, au zimeshaingia mwilini."

Gaballa aliinua uso. "Nane?"

"Nane."

Alisimama, na safari hii hakuna aliyemwita. "Yusri je?"

"Ataishi. Daktari amesema. Na mama yake anakuombea umri mrefu. Jana alikulaani kidogo, lakini ni laana zilizopotea njia."

"Alhamdulillahi," alisema Gaballa, na machozi yakamtoka waziwazi, hakuyafuta. "Alhamdulillahi. Asante, afande. Twende juu."

Mwendesha mashitaka alikuwa amevua miwani, ishara kwamba tayari alikuwa amesoma. Wasfi aliweka karatasi mpya juu ya zile nne, akarudi nyuma hatua mbili kama utaratibu unavyotaka.

"Gaballa Mursi. Wewe ndiye Kapteni wa jimu ya Majitu?"

"Nilikuwa, mheshimiwa. Namshukuru Mungu kwamba nilikuwa, na leo namshukuru kwamba si mimi tena. Kapteni ni Midhat. Kabati ni lake, ufunguo ni wake. Mimi naitwa Ami."

"Ami wa nani?" aliuliza mwendesha mashitaka, akiwa tayari anaandika.

"Wa Yusri. Na wa wengine wanane, mheshimiwa, mkiniachia niwawahi."

Kalamu ilisimama. Mwendesha mashitaka alimtazama yule mzee, akavaa miwani akamtazama tena. Ndipo akaandika mstari mmoja, akatia sahihi.

Saa saba kasoro dakika nne Gaballa alikuwa amelala kitandani, mkono wa kushoto umenyooshwa. Muuguzi alimchoma sindano ya kwanza, kisha ya pili, na Gaballa akamwambia asante mara mbili. Sajenti Shehata alikuwa ameketi kwenye stuli kando yake, daftari magotini, kofia chini.

"Mimi ndiye ninayegawa taulo, mwanangu," alisema Gaballa, damu ikianza kupanda kwenye mrija. "Nawajua wote wanaobaki ndani na Midhat baada ya mazoezi. Andika haraka. Wa kwanza anaitwa Bishoi, anakaa juu ya duka la samaki, na huwa anaoga kabla ya sala ya alasiri, ndipo atoke. Ukimbie umwahi kabla ya sindano."